KIBARUA APEWE KIBARUA CHAKE

MWEZI Juni mwaka 2014 vijana zaidi ya 10,000 walijazana katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, wakiwa na bahasha za vyeti mikononi, ili wafanyiwe usaili wa nafasi 70 za kazi katika Idara ya Uhamiaji. Miaka 11 baadaye, yaani mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato ilitangaza nafasi 1,596, na walioomba walizidi 135,000. Mwenye kutaka kujua ukubwa wa tatizo la ajira nchini mwetu hana haja ya kutafuta ushahidi mwingine. Kwa kila kijana mmoja aliyeitwa kazini na Mamlaka hiyo, wengine zaidi ya 80 walirudi makwao.

Mengi yamekwisha kusemwa, na yataendelea kusemwa, juu ya huyo mmoja aliyepata. Sisi leo tunapenda kuzungumza habari za wale waliorudi makwao, pamoja na wenzao wengi zaidi ambao hawakuwa hata na cheti cha kuwafikisha kwenye usaili. Je, kesho yake waliamka wakafanya nini?

Walifanya kazi. Jambo hili husahauliwa mno. Utafiti wa nguvu kazi wa mwaka 2020/21 ulionyesha kwamba wasio na kazi nchini walikuwa asilimia 9, wakati mwaka 2014 walikuwa asilimia 10.5. Mtu asiyezijua hali zetu akizisoma tarakimu hizo atadhani kwamba mambo si mabaya. Lakini kabwela hana uwezo wa kukaa bila kazi. Kukaa bure kunamtaka mtu awe na wa kumlisha. Aliyekosa ajira huingia katika kazi yo yote iliyo mbele yake: atabeba zege, atasukuma mkokoteni, atalima ngwe ya mwenzake, ataendesha pikipiki ya mtu, atafua na kupika katika nyumba za watu. Hesabuni humwandika kuwa ni mtu mwenye kazi. Kama jioni alilipwa au hakulipwa, hilo ni swali jingine kabisa, na hilo ndilo swali letu la leo.

Hapana shaka yo yote kwamba ajira zinapokuwa adimu, mwenye kazi ya kutoa hugeuka kuwa bwana. Anajua kwamba kijana akikataa ujira wa chini, wapo kumi wanaosubiri nje ya uzio. Anajua pia kwamba akichelewesha malipo kwa wiki mbili, kijana hataondoka, maana akiondoka atakuwa amezisamehe hizo wiki mbili. Hivyo uhaba wa kazi, ambao ni msiba wa Taifa zima, kwa watu wachache umekuwa mtaji. Huu ni unyonyaji, ingawa hauna kiwanda wala shamba la kuonyeshea kidole.

Turudi kidogo nyuma, kwenye neno lenyewe. Kibarua, katika asili yake, si mtu. Ni barua ndogo. Katika mwambao wetu, tangu karne ya 19, mfanyakazi wa kutwa alipewa kijikaratasi kuthibitisha kwamba siku hiyo amefanya kazi, na siku ya malipo alikirudisha kijikaratasi hicho akapokea fedha yake. Kadiri miaka ilivyopita jina la karatasi likamwangukia aliyeishika, na leo tunasema “vibarua” bila kukumbuka kwamba tunataja hati. Ni ajabu iliyoje! Jina la hati limebaki kwa mtu, na hati yenyewe imetoweka.

Hatusemi kwamba enzi hizo zilikuwa za haki. Wazee waliokuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wanakijua kipande cha siku 30, na jinsi siku ambayo kazi haikumalizika ilivyoachwa bila alama, hata kama mtu alitoka jasho tangu alfajiri. Karatasi ile iliandikwa na mkoloni kwa manufaa ya mkoloni. Wala makuli wa bandari ya Dar es Salaam, ambao wengi wao walikuwa vibarua wa kutwa, hawakugoma mwezi Septemba mwaka 1947 kwa sababu ya kufurahia hali yao. Waligoma, na mgomo ule ukaifuata reli mpaka bara. Lakini hata katika dhuluma ile, siku iliyofanyiwa kazi ilihesabika mahali fulani. Mtu aliweza kuonyesha idadi ya siku anazodai, na kwa kuwa aliweza kuionyesha, aliweza kugombana.

Kijana wa leo anayemsaidia fundi kwenye jengo la ghorofa hana cha kuonyesha. Alichukuliwa kijiweni asubuhi na fundi, fundi alichukuliwa na msimamizi, msimamizi amepewa kipande cha kazi na mkandarasi mdogo, na huyo naye amepewa na mkandarasi mkubwa ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye ubao mbele ya jengo. Jumamosi ikifika, fedha inapaswa kuteremka ngazi hizo zote. Kila ngazi hupunguza kidogo, na mara nyingine ngazi moja huzima simu. Kijana akimwendea mkandarasi mkubwa, ataulizwa yeye ni nani, na ni nani aliyemwajiri. Naye hana jibu, maana jina la fundi analolijua ni lile la utani tu.

Tunapolitaja jambo hili, wako watakaosema kwamba sheria haipo, na kwamba kibarua yuko nje ya sheria. Si kweli, na ni vizuri ukweli huu ukasomwa kwa sauti vijiweni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: jina, kazi, mahali, saa, ujira. Tena sheria hiyo inasema kwamba likitokea shauri, na mwajiri akashindwa kuyaonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa utakuwa juu ya mwajiri, si juu ya mfanyakazi. Kwa maneno mengine, karatasi isipokuwapo, anayepaswa kuhangaika ni yule aliyepaswa kuitoa. Na Sheria ya Taasisi za Kazi, ya mwaka huo huo, inaeleza kwamba mtu aliyemfanyia mwenzake kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita huchukuliwa kuwa ni mwajiriwa wake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 ni kama siku tano au sita tu za kazi. Ni vibarua wangapi wa ujenzi, wa maghala na wa majumbani ambao hawazifikishi?

Mwenye kunyimwa ujira wake anaweza kwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini asikae akingoja huruma. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua shauri lake. Madai mengine, ujira ukiwa mmojawapo, yana siku 60. Tunasisitiza tarakimu hizi kwa sababu ahadi za “njoo wiki ijayo” zinazitafuna siku hizo kimya kimya, na mwajiri mjanja anajua hivyo.

Hata hivyo sheria hiyo ina tundu, na panya wameliona. Wajibu wa kutoa maelezo kwa maandishi haumhusu mfanyakazi anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Bila shaka waliotunga walikuwa wakimfikiria mtu anayeitwa kukata majani siku moja. Lakini mwenye ghala anaweza kuwazungusha vijana 40, kila mmoja siku tano, na mwisho wa mwezi akawa amepata nguvu kazi kamili pasipo kuwa na mwajiriwa hata mmoja. Tunaamini kwamba umefika wakati wa kuliziba tundu hilo. Hatudai mkataba wa kurasa kumi kwa kazi ya kutwa. Tunachodai ni kijikaratasi kile kile cha kale: jina, tarehe, kazi, ujira, sahihi. Na kama karatasi inaonekana kuwa mzigo, leo muuza mchicha analipwa kwa simu. Mwenye jengo na alipe ujira wa kutwa kwa simu, moja kwa moja kwa aliyefanya kazi; ujumbe wa malipo utabaki katika simu zote mbili, na hakuna ngazi itakayopunguza kitu.

Mahali ambapo ukosefu wa maandishi umewaumiza vijana wengi kwa mara moja ni kwenye pikipiki. Tangu usafiri wa bodaboda na bajaji ulipowekewa kanuni mwaka 2010, kazi hii imewapokea maelfu kwa maelfu ya vijana ambao hakuna kiwanda kilichokuwa tayari kuwapokea. Tunawapongeza. Wanawafikisha wajawazito zahanati usiku, wanapeleka mazao barabarani, na wamewaondolea wanavijiji mwendo mrefu wa miguu. Lakini wengi wao hawamiliki chombo. Wanaendesha kwa “hesabu”, yaani kila jioni humkabidhi mwenye pikipiki kiasi maalumu, wapate abiria wasipate. Au wanaendesha kwa “mkataba”, ambapo hutoa kiasi kikubwa zaidi kila siku kwa mwaka mmoja au zaidi, na mwisho wake pikipiki huwa mali yao.

Mkataba wa namna hii si mbaya kwa asili yake. Kwa kijana asiye na dhamana ya kuipeleka benki, ndiyo njia pekee ya kumiliki kitu. Tuchukue mfano wa shilingi 10,000 kwa siku. Kwa siku 365 atakuwa ametoa shilingi 3,650,000, na katika muda huo huo mafuta, matairi na matengenezo ni juu yake. Mwenye pikipiki anarudishiwa fedha yake na faida juu, na kijana anapata chombo. Tatizo ni kwamba mara nyingi neno “mkataba” ni la mdomoni tu, na kadi ya pikipiki iko kabatini kwa mwenye mali. Mwezi wa kumi kijana akiugua malaria wiki mbili, au akivunjika mguu, hesabu inasimama. Mwenye pikipiki anaichukua, anamkabidhi kijana mwingine, na mkataba unaanza upya tangu siku ya kwanza. Milioni tatu za yule wa kwanza zimekwenda wapi? Hakuna anayeulizwa. Pikipiki moja inaweza kununuliwa na vijana watatu, na isiwe ya hata mmoja wao.

Kwa mintarafu ya jambo hili, halmashauri zetu zina uwezo mkubwa kuliko zinavyodhani. Vijiwe vya bodaboda vimekwisha kuandikishwa, vina viongozi, na namba zao zinajulikana. Kisichojulikana ni nani anadaiwa nini na nani. Ofisi ya kata inaweza kuweka daftari moja ambamo mwenye pikipiki na mwendeshaji wataandikisha bei, kiasi cha kila siku, na fedha iliyokwisha kulipwa. Na iwe kanuni kwamba aliyekwisha kulipa theluthi mbili hanyang'anywi chombo pasipo amri ya mahakama, na aliyelipa pungufu ya hapo anarudishiwa sehemu yake chombo kikichukuliwa. Wenye pikipiki waaminifu, ambao ni wengi, hawatapoteza cho chote.

Tuguse pia habari za walimu wanaojitolea, maana huko nako kuna kazi isiyoandikwa. Kijana amehitimu chuo, hakuajiriwa, akaombwa na shule ya kijijini kwao afundishe hisabati kwa posho ya michango ya wazazi, ambayo mwezi mmoja hupatikana na miezi miwili haipatikani. Amekaa miaka mitatu. Watoto wamefaulu kwa mikono yake. Nafasi za ajira zinapotangazwa, anasimama mstari mmoja na aliyekuwa amekaa nyumbani. Kujitolea ni sifa njema, lakini asiyelipwa kwa fedha alipwe walau kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ihesabiwe.

Lipo na suala la ujuzi. Reli ya kisasa, ambayo treni zake zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, pamoja na bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, ni kazi zilizopita katika mikono ya maelfu ya vijana wetu. Waliingia wakijua kushika koleo, wakatoka wakijua kusuka nondo, kuchomelea na kuendesha mitambo mizito. Mradi ulipokwisha, walitoka na ujuzi kichwani na mikono mitupu. VETA ina utaratibu wa kuupima na kuurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini, na kumpa cheti. Utaratibu huo ni mzuri mno, lakini unamngoja fundi aende kuutafuta. Kwa nini usimfuate pale mradi ulipo, kabla kambi haijavunjwa?

Hapa tunapaswa kusema jambo ambalo huenda likawakera baadhi ya watu. Nchi yetu imewahi kudai karatasi, lakini ilizidai kwa mtu asiyestahili. Mwaka 1976 ilifanyika Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi. Mjini Dar es Salaam watu walisimamishwa barabarani waonyeshe kitambulisho cha kazi, na wasiokuwa nacho wakahesabiwa kuwa ni wazururaji, wakapelekwa vijijini. Nia ilikuwa kila mtu aishi kwa jasho lake, na nia hiyo hatuna ugomvi nayo. Lakini miongoni mwa waliokamatwa walikuwamo wauza vitumbua, washona viatu na wachuuzi wa samaki, watu walioamka kabla ya jogoo, na haukupita muda mrefu wengi wao walirudi mjini. Kosa lilikuwa kumfikiria asiye na hati kwamba hana kazi. Hata vitambulisho vya wajasiriamali wadogo vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, ingawa viliwapunguzia machinga bughudha za kukimbizwa na mgambo, bado viliwafanya wao ndio walipie kutambuliwa. Kabwela ameulizwa karatasi kwa miaka 50. Sasa aulizwe anayemtumia.

Tunajua hoja za waajiri. Mkandarasi mdogo atasema kwamba naye hulipwa kwa kuchelewa, na kwamba mara nyingine anayemchelewesha ni taasisi ya umma. Hoja hiyo ina uzito, na hatutaki kuipuuza. Deni la Serikali kwa mkandarasi huishia tumboni mwa mtoto wa kibarua. Lakini ndiyo sababu tunasema utaratibu huu uanzie nyumbani. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika muda ule wa katikati vijana hawakuacha kukopa. Walikwenda kwa wakopeshaji wa mitaani, na jina walilowapa, “kausha damu”, halihitaji maelezo. Halmashauri inayochelewesha mkopo halali inampelekea mnyonyaji wateja.

Vivyo hivyo kwa majengo. Madarasa 15,000 yaliyojengwa kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, mwaka 2021 na 2022, yalithibitisha kwamba mafundi wa vijijini mwetu wanaweza kazi kubwa kwa muda mfupi. Shule na zahanati nyingi bado zinajengwa kwa mtindo huo, wa kamati ya kijiji kununua vifaa na kuajiri mafundi wa hapo hapo. Basi tunazishauri kamati hizo, na wakurugenzi wanaozisimamia, kwamba kabla msingi haujachimbwa lifunguliwe daftari la vibarua. Kila jioni siku iandikwe mbele ya mwenyewe naye apewe nakala. Na orodha ya waliolipwa na wanaodai ibandikwe ukutani kila Jumamosi, mahali ambapo kila mwanakijiji anaweza kuisoma. Afisa Kazi wa mkoa anapokwenda kukagua mradi, aanze na daftari hilo, na asisaini cho chote mpaka amesikia kutoka kwa vibarua wenyewe kwamba yaliyomo ndiyo waliyolipwa.